Shemeji, Mnatuletea Vitu au Mnatuletea Kazi?

Fundi wa mtaa aliniazima utepe wake wa kupimia, na utepe huo ndio ulionipa habari ambazo sikutaka kuzisikia. Ngazi za jengo tulilokuwa tukihamia zina upana wa sentimita 95, na pale zinapopinda, baina ya ghorofa ya pili na ya tatu, upana huo hupungua kwa sababu ya bomba la maji lililopitishwa kando ya ukuta. Kabati letu la vyombo, tulilotengenezewa kwa mbao za mvule mwaka 1999 na ambalo haliwezi kufunguliwa vipande vipande, lina urefu wa mita 2.1 na upana wa mita 1.8. Nilipima mara mbili, kisha nikampa fundi naye apime, kwa tumaini la kijinga kwamba mikononi mwake kabati lingenywea kidogo. Alipomaliza aliukunja utepe wake, akanitazama, akasema, "Mwalimu, hili hata tukilibembeleza haliwezi kupita hapa."

Tulikuwa tumeishi Section 58, hapa Nakuru, kwa miaka 27, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu vya kulala, stoo, jiko pana na kibanda cha nyuma kilichojengwa kwa ajili ya mfanyakazi, ingawa kwetu kiligeuka kuwa makao ya kila kitu kilichokosa makao. Tangu Nakuru ipandishwe hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, nimeziona nyumba kadhaa za aina hiyo mtaani mwetu, zenye ua na mparachichi nyuma, zikiangushwa kupisha maghorofa. Kwa hiyo mwenye nyumba alipotupigia simu mwezi wa Mei 2024 kutuarifu kwamba ameuza kiwanja, na kwamba tulikuwa na miezi mitatu ya kuhama, hatukushangaa sana. Mimi na mume wangu sote tumestaafu, na pensheni zetu zikiunganishwa zilitosha nyumba ya vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya tatu, mtaa wa Naka, isiyo na stoo wala ua.

Kila niliyemweleza jambo hili alinipa jibu lile lile, tena kwa wepesi wa mtu anayekuonyesha njia ya sokoni: "Si mvipeleke nyumbani?"

Kwa watu wengi wa Nakuru, nyumbani si Nakuru. Kwetu sisi nyumbani ni Vihiga, na barabara ya kwenda huko, inayopitia Mau Summit, Kericho, Ahero na Kisumu kabla ya kupanda vilima vya Maragoli, nimeipita mara nyingi mno huku nimekalia, nimebeba au nimefuata kitu kibovu. Sisi watu wa mjini tuna ustadi wa ajabu wa kutotupa. Kochi likitoboka, kitanda kikilegea, redio ikinyamaza, hatusemi kwamba kitu kimekwisha. Tunasema kitafaa ushago. Desemba ikifika tunakifunga kwa kamba juu ya gari, tunakifikisha kwa wazee kama zawadi, nao kwa heshima wanakipokea.

Nami nimetenda dhambi hiyo kwa miaka mingi. Matangazo ya televisheni yalipohamia mfumo wa dijitali mwaka 2015, ile televisheni yetu ya kisogo, iliyokuwa nzito kama gunia la mahindi, ilipelekwa Vihiga, kana kwamba huko mitambo ya zamani ilikuwa ingali hai. Jokofu lililokufa mota lilifuata baadaye, na sasa ndani yake huwekwa mbegu ili panya wasizifikie, jambo ambalo nakiri ni matumizi bora kuliko yale tuliyolikusudia. Vitanda viwili vya mbao vililiwa na mchwa kuanzia miguuni, na tulikuja kulijua hilo mgeni alipolala juu ya kimojawapo wakati wa matanga.

Safari hii nilimpigia shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ndiye anayeutunza mji wa wazee huko Vihiga. Nilianza kumtajia: kochi la watu saba, kabati, meza ya kulia, viti sita, masanduku manne ya vitabu, zulia. Alinyamaza kwa muda uliotosha kunifanya niangalie kama simu ilikuwa imekatika. Kisha akasema kwa sauti ya upole, bila ukali wowote, "Shemeji, mnatuletea vitu au mnatuletea kazi?"

Sikuwa na jibu. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Vihiga ina zaidi ya watu 1,000 katika kila kilomita moja ya mraba, nasi tunaijua takwimu hiyo bila sensa, kwa kuwa shamba la baba mkwe lilikwisha kugawanywa kwa wana wanne na kila mmoja wao ana robo ekari anayolima hadi kizingitini. Chumba kinachojazwa viti vyetu visivyokaliwa ni chumba ambacho mwanawe hawezi kulala. Nilimwomba radhi, kisha nikamuuliza swali ambalo kwa aibu yangu sikuwahi kumuuliza kwa miaka yote hiyo: ninyi mnahitaji nini? Alijibu bila kufikiri, maana jibu alikuwa nalo siku nyingi. Alitaka tangi la maji, toroli, na mabati kumi na mawili yaliyoezeka banda letu la kuku. Kochi hakulitaja.

Tangi hilo lina hadithi yake. Maji mengi ya visima vya Nakuru yana floraidi nyingi, kutokana na miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa, na watoto wanaoyanywa tangu utotoni huota meno yenye madoa ya kahawia. Kifungua mimba wetu anayo madoa hayo hadi leo, kwa sababu tulikuwa wageni wa mji na hatukujua. Wadogo zake hawana, kwa sababu tulinunua tangi la lita 2,000, tukaliwekea mifereji ya paa, na maji ya kunywa na ya kupikia yakawa ya mvua tu. Kati ya vyote tulivyokuwa navyo, hicho ndicho kitu pekee ninachoweza kusema kilitulea. Ghorofani hakina pa kukaa, ilhali Vihiga mvua si haba na paa la shemeji lilikuwa likimwaga maji yote shambani. Uamuzi huo haukuchukua hata dakika moja, na nadhani ulikuwa rahisi kwa sababu aliyekitaka kitu alikuwa amekwisha kusema atakitumiaje.

Baada ya mazungumzo hayo niliacha kushika kitu na kujiuliza kama nakipenda, kama ninavyowasikia watu wengi wakishauri. Kupenda si kipimo cha kutosha katika nyumba ya mtu wa rika langu. Nikishika kikombe nitakipenda, nikishika kifuniko kisicho na sufuria nitakumbuka sufuria na nikipende pia. Nilianza kuuliza nani atakitumia na lini, na niligundua jambo lililonifedhehesha kidogo: sehemu kubwa ya vitu nilivyokuwa nikiviita vyangu nilikuwa nikivitunza kwa niaba ya watu wengine, ambao wala hawakunituma.

Kabati la vyombo ndilo lililonifunza hivyo. Ndani yake mlikuwa na sahani 24 za udongo zenye ua la samawati, bilauri 18, hotipoti tano na chupa tatu za chai, vyote vya wageni. Sisi wenyewe tulilia sahani za plastiki jikoni kwa muda wa robo karne ili mgeni apate ya udongo. Mgeni alikuja, sikatai; chama chetu cha akina mama kilikuwa kikizunguka nyumba kwa nyumba, na kulikuwa na mikutano ya harambee ya karo na ya matibabu. Lakini siku hizi chama hukutana hotelini au hutuma michango kwa simu, na mwenye shughuli kubwa hukodi hema, viti na sahani kwa pamoja. Mara ya mwisho sahani zote 24 kutoka kabatini kwa siku moja ilikuwa mwaka 2016, siku ya posa ya binti yetu.

Nilizitandaza zote mezani zikiwa kifudifudi. Mama yeyote aliyewahi kuazimisha vyombo kwa ajili ya matanga au harusi anaijua sababu: chini ya kila sahani, kila bilauri na kila mwiko kulikuwa na alama yangu, msalaba mdogo na nukta mbili, niliyoichora kwa rangi nyekundu ya kucha. Vyombo vikienda kwenye shughuli huchanganyika na vya nyumba kumi, na jioni akina mama huketi karibu na karai la maji wakivigeuza kimoja kimoja na kuita, "Nyota ni za nani? Herufi M ni za nani?" Ya kwangu iliitwa "msalaba wa Mwalimu". Rangi ya sahani za kwanza ilikuwa imefifia ikawa kama damu iliyokauka, na ya zile nilizoongeza baadaye ilikuwa ingali inang'aa, hivi kwamba ningeweza kuzipanga kwa miaka bila kukosea. Baina yake nilikuta sahani tatu zenye pembetatu ya kijani. Hazikuwa zangu, na mwenye pembetatu hiyo alikwisha kuhama mtaa kabla sijapata kuzirudisha.

Nilibakiza sahani nane, tukaanza kulia hizo usiku ule ule. Sahani nyingine pamoja na sufuria kubwa mbili, ile ya kilo ishirini za wali na ile ya chai, niliwaachia akina mama wa chama chetu cha Section 58 ili ziwe mali ya chama na mwenye shida azitumie. Kabati lenyewe lilinunuliwa na mwenye hoteli ndogo karibu na soko, ambaye alikuja na vijana wanne na mkokoteni, akanipa shilingi 9,000, na kwa kuwa lingeendelea kuwekewa vyombo sikubishana naye sana. Kochi la watu saba lilinipatia shilingi 6,500, bei ambayo nisingependa kuizungumzia zaidi.

Karatasi zilituchukua siku nyingi kuliko samani, hasa kwa vile mume wangu ni mtu wa kuweka risiti. Alikuwa na risiti ya pasi ya umeme ya mwaka 1998, ilhali pasi yenyewe ilikwisha kuungua zamani. Tulikubaliana hivi: hati ya shamba, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya mitihani, barua za kuajiriwa na za kustaafu na nyaraka zote za pensheni zitabaki milele, katika sanduku moja la bati lenye kufuli, na kila mtoto atajua ufunguo uko wapi. Kumbukumbu za kodi zitabaki miaka mitano, muda unaotakiwa na Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015. Mengine yote yaende. Alikubali, kisha usiku nikamsikia akitoa risiti ya pasi kwenye gunia.

Vitabu vilikuwa vyangu mimi, kwa hiyo nilijua hapo sitakuwa na wa kumsingizia. Nilifundisha Kiswahili kwa miaka 34 na nilikuwa na masanduku manne ya vitabu vya kiada na vya marudio vya mfumo wa 8-4-4, na kila mwaka nilijiambia kwamba yuko mtoto wa jirani atakayevihitaji. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi katika mfumo huo, ulifanywa mwaka 2023. Mtoto wa jirani sasa anasoma mtaala mwingine, wenye vitabu vingine, na kumrundikia vyangu kungekuwa kumfanyia kile nilichomfanyia shemeji. Kamusi nilizibakiza zote, pamoja na vitabu vya ushairi na riwaya, kwa sababu hizo hazifuati mtaala. Vile vya marudio nilimpa mwenye duka la samaki wa kukaanga anayefungia karatasi. Ninajua wako watakaoniona sina adabu, lakini afadhali kitabu kifungie samaki kuliko kilale stooni kikisubiri mtihani uliokwisha.

Ni katika kuzikung'uta kamusi hizo ndipo noti nne za shilingi elfu moja zilipodondoka miguuni pa mume wangu. Nilizitambua kabla hajainama. Nilikuwa nimezificha wakati wa karo ya kitinda mimba wetu, nisiseme kwa mtu, kisha nikasahau ni kamusi gani. Zilikuwa zile za zamani, zilizokoma kuwa fedha halali baada ya tarehe 30 Septemba 2019, wakati nchi nzima ilipokuwa ikipanga foleni benki kubadilisha zake. Mume wangu aliziinua moja baada ya nyingine kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole juu ya uzi wake, akasema, "Mama watoto, kumbe nimekuwa nikiishi na benki iliyofilisika." Nilitaka kuzichana. Alichukua moja akaitia kwenye pochi yake, na bado imo humo, akiitoa kila apatapo msikilizaji.

Chini ya sinki nako nilikuta gunia zima la mifuko ya plastiki iliyokunjwa vizuri, iliyowekwa akiba kabla ya marufuku ya tarehe 28 Agosti 2017. Sheria hiyo ilitaja faini ya hadi shilingi milioni 4, nami nilikuwa nimekaa na shehena hiyo miaka saba karibu na sabuni.

Watoto niliwapa tarehe. Niliandika katika kundi letu la simu kwamba kila kilicho chao kiwe kimechukuliwa kufikia Jumamosi ya pili ya Julai, la sivyo nitaamua mimi. Kifungua mimba alijibu, "Mama, tupa vyote," kisha baada ya dakika kumi akauliza kama baiskeli ingalipo. Kitinda mimba alitaka sanduku lake la chuma la shule ya bweni libaki kwetu "kwa muda tu," nikamjibu kwamba muda wa sanduku hilo ulianza mwaka 2009. Binti yetu ndiye aliyekuja mwenyewe kutoka Eldoret. Nilikuwa nimemtengea mashuka mapya, seti ya sufuria na vikombe vya posa yake. Hakuvitaka. Alipita moja kwa moja hadi kibanda cha nyuma, akatoka na taa ya chemni yenye kioo kilichopasuka ufa mmoja na masizi yaliyoganda shingoni.

"Umesahau ule mgao wa umeme?" akaniuliza. Nilikuwa nimesahau. Mwaka 2000 ukame ulipopunguza maji ya mabwawa, nchi iliingia katika mgao mkali wa umeme, naye alikuwa darasa la nne, akifanya hesabu zake kwa taa hiyo huku mimi nikisahihisha insha upande wa pili wa meza. Mimi nilichokumbuka kuhusu taa hiyo ni bei ya mafuta ya taa tu. Ilikuwa katika rundo la kutupwa, juu kabisa, na laiti angechelewa siku moja ingekuwa imekwenda na mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Hilo lilinitia wasiwasi juu ya mengine niliyokuwa nimekwisha kuyatoa bila kuuliza, lakini hayakuwa ya kurudishwa.

Cherehani yangu ya kukanyaga nilikataa hata kuijadili. Nilinunua kwa mshahara wangu wa kwanza wa kudumu, nimeshonea sare za shule za watoto watatu na mapazia ya nyumba nzima, na bado natia pindo nguo za majirani. Nani atakitumia? Mimi. Lini? Jumanne. Ilipanda ngazi hizo za sentimita 95 mgongoni mwa kijana mmoja, ikapita kwenye bomba bila kuligusa, na imekaa chini ya dirisha la sebule pale ambapo mpangaji mwingine angeweka kochi.

Kanta iliyopeleka tangi, toroli na mabati Vihiga ilirudi tupu kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo wetu. Mwezi wa Septemba shemeji alinitumia picha ya tangi likiwa juu ya jukwaa la mawe, limefungiwa mfereji mpya, likifurika.

Wiki ya tano baada ya kuhamia Naka, mama wa ghorofa ya kwanza alifiwa na baba mkwe. Alipanda ngazi hadi kwetu, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba mimi ni mtu mzima na huenda nina sufuria kubwa ya kupikia waombolezaji. Niliona haya kumwambia kwamba nilikuwa nazo mbili hadi juzi. Nilimpa nambari ya mwekahazina wa chama, nikarudi kwenye cherehani. Jioni yake niliposhuka kutoa pole, akina mama walikuwa wamekwisha kuinjika kwenye mafiga matatu kando ya maegesho ya magari, na mmoja wao, ambaye sikumjua, alikuwa ameiinamisha sufuria ya chai kuimwaga masalio. Chini, katikati ya masizi, msalaba na nukta zake mbili ulikuwa ungali mwekundu. Aliniona nikitazama, akauliza, "Hii ni ya nani, mama?" Nikamwambia ni ya akina mama wa Section 58, irudishwe Ijumaa.